Moldi Itakula Nini

Wambui mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Asubuhi hii nimekuacha ukimaliza kipande cha nne cha mkate huku ukimwambia mama yako kwamba huna hamu ya kula. Mimi pia ni mzima, ila kila mstari nasikiliza ngazi, kwa sababu ninaandika kwenye meza ya ofisi, kwa karatasi ya ofisi, na tangu niajiriwe sijawahi kuchukua hata pini. Ni saa ya chakula. Mzee Njuguna ameshuka kwenda kula na wenzangu wamemfuata. Nina muda mpaka saa nane.

Sitaandika habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kutofungulia mlango mtu usiyemjua. Mama yako ameshazisema, na jana nilipopita sebuleni alikuwa anazianza upya. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia wiki tatu, na kesho saa mbili asubuhi unapanda basi la Eldoret.

Unakumbuka jioni uliyorudi na barua ya mwalimu wako wa chuo. Ulisema umepata nafasi ya kujifunza kazi kwa fundi wa moldi ambaye hachukui mwanafunzi ovyo, na kwamba mwalimu alimpelekea kazi za wanafunzi watatu naye akachagua yako bila kuuliza ni ya nani. Mama yako akapiga vigelegele. Nikaomba barua niione, nikasoma jina, Barasa, nikamwaga chai ndani ya sahani ya maharagwe. Mkadhani ni furaha. Mpaka leo mama yako anawaambia majirani hapa Waithaka kwamba baba Wambui alilia juu ya maharagwe.

Sikulia. Niliogopa. Fundi Barasa alikuwa akifanya kazi hapa kwetu, kwa Mzee Njuguna, na alifukuzwa kwa kosa nililolifanya mimi.

Nimeandika. Nimeangalia mlangoni, hakuna mtu.

Wewe ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa karani wa miaka thelathini mwenye cheti kizuri na hofu ya kila kitu. Simu ya mezani ikilia nilisimama wima kwanza, kama mtu anayesikia wimbo wa taifa, ndipo nikaiinua. Barua ya mistari mitano niliinakili mara tatu. Niliwajua watu kwa viatu vyao vinavyopanda ngazi, na viatu vya Mzee Njuguna vilinifanya nipange upya kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ofisi ilikuwa hapa hapa mjini, ghorofa ya pili. Karakana ya moldi ilikuwa kule kwetu Waithaka, kwenye banda la mabati, na mashine yenyewe ya kusukuma plastiki ilikuwa Kangemi, chini ya Mountain View. Moldi wewe unaijua kuliko mimi. Mimi najua tu kwamba ni pande mbili za chuma zinazokumbatiana, plastiki ya moto inasukumwa katikati, zinaachana, na kitana kinaanguka. Tulitengeneza vitana, vibanio vya nguo, vifuniko vya chupa, vitu vya namna hiyo.

Fundi Barasa hakugusa chuma kabla ya kuuliza. Alipanda hapa akinuka mafuta ya mashine, akakaa pembeni ya meza yangu, juu ya faili nilizokuwa nimezipanga, akahoji kama baba anayemhoji kijana aliyekuja kuposa.

"Karani, hii moldi itakula nini?"

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili, itazaa wangapi. La tatu, ikimaliza kazi italala wapi. Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kwamba hayo ndiyo yanayochagua chuma. Kuna plastiki laini kama uji, hiyo chuma chochote kinaivumilia. Kuna nyingine ikiungua inatoa hewa yenye asidi, na chuma cha kawaida kinaota kutu kama msumari ulioachwa mvuani. Na kuna iliyochanganywa na nyuzi za kioo ili iwe ngumu, na hiyo inapopita ndani ya moldi inasugua kama msasa, kwa hiyo inataka chuma kilichokazwa kwa moto. Ukitaka vipande elfu mbili unachagua hivi, ukitaka laki tano unachagua vile. Na kama italala kwenye stoo inayovuja, hilo nalo aseme nani?

Majibu yaliandikwa kwenye kadi, kila moldi na kadi yake. Kuandika ilikuwa kazi yangu, maana mwandiko wa Fundi ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino. Juu kabisa ya kadi niliandika: Chakula. Chini yake: Chuma. Mtu yeyote aliyetaka kubadilisha chakula alipaswa kubadilisha kadi na kumwambia Fundi kwanza. Ndiyo ilikuwa sheria pekee ya Barasa.

Basi akaja mtu aitwaye Omondi, mtengenezaji wa majeneza pale Ngong Road, akitaka vishikio vya plastiki vya rangi ya dhahabu. Mzee Njuguna aliletewa sampuli za plastiki, akaziinua dirishani moja moja kama mtu anayechagua mayai, akachukua polistairini, ile inayong'aa.

"Hii," alisema. "Marehemu anastahili kung'aa."

"Inang'aa, Mzee," Fundi akajibu, "lakini ina moyo wa biskuti. Itavunjika."

"Jeneza linabebwa mara moja tu, Barasa. Kutoka kwa gari mpaka kaburini."

"Hiyo ni nyinyi wa hapa. Sisi watu wa magharibi tunabebwa siku nzima. Tunapandishwa juu ya basi, tunashushwa, tunazungushwa kwa boma ya kila shangazi."

Mzee akacheka, lakini akasema polistairini ni polistairini. Fundi akainua mabega. Kwa chakula laini namna hiyo, chuma laini kingetosha, na akakinunua kwenye duka la Wafula, kaka ya mke wake, hapo chini barabarani, Mzee mwenyewe akiwa amekubali. Nikaandika kadi kwa mwandiko wangu bora. Chakula: polistairini. Chuma: laini, hakikukazwa kwa moto. Hata mstari nilipiga kwa rula.

Mwezi wa pili, Mzee Njuguna akiwa safarini, Omondi akapanda ngazi na kishikio kilichokatika, amekifunga kwa gazeti kama nyama.

"Karani, hii kitu yenu imeniaibisha mbele ya watu," alisema. "Tumefika na mwili salama mpaka kaburini. Wanaume sita wamebeba. Kishikio cha nyuma kikasema ta. Mzee wa watu akaingia kaburini akiwa amesimama."

Nikamwambia pole.

"Wacha pole. Unajua mjane amesema nini? Amesema, mwacheni, hata nyumbani hakuwahi kuingia akiwa amenyooka. Watu wamecheka matangani, Karani. Sasa wazee wa ukoo wanasema watakuja hapa Ijumaa. Wako kama arobaini."

Angekuwa mtu mwingine, angempigia Fundi Barasa simu. Lakini Fundi alikuwa ametabiri jambo hili, na niliogopa sana watu waliotabiri. Niliogopa pia wazee arobaini kwenye ngazi zile, na kwamba Mzee Njuguna angerudi awakute. Kwa hiyo nikafanya jambo la haraka kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilikwenda kwenye duka la plastiki karibu na River Road nikamwuliza muuzaji kama ana kitu kisichovunjika.

"Nailoni ya kioo," akaniambia, akilipiga gunia teke. "Hii ukiigonga na gari, ni gari inaenda gereji."

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana, baba."

Wambui, nimesoma mpaka kidato cha sita, na hilo ndilo swali nililouliza. Sikuuliza nzuri kwa nini, wala inapita wapi na inaacha nini ilikopita. Mtu aliyeogopa huuliza lile swali ambalo jibu lake litamruhusu kwenda nyumbani. Ukinisikia ninauliza mtu "ni nzuri?" kwa sauti ile ya upole ambayo mama yako huiita sauti ya hospitali, jua kwamba sitaki kujua.

Gunia likaenda Kangemi. Mwendesha mashine akalitazama akasema kitu hiki kinataka moto mwingi na kukaushwa kwanza, lakini yeye hupika anacholetewa. Vishikio vikatoka vigumu kama mfupa, ila vimefifia na kukwaruza, kwa hiyo nikaagiza vipuliziwe rangi ya dhahabu. Ijumaa Omondi akaja peke yake, akakanyaga kishikio kipya kwa mguu mzima, hakikuvunjika, akaenda kuwatuliza wazee wake.

Mzee Njuguna aliporudi akakuta amani. Akaniuliza nimewaambia nini watu wale. Nikasema niliwaeleza tu. Akasema, "Kumbe hii masomo iko na maana." Kwa mara ya kwanza aliniletea soda kwa mkono wake mwenyewe. Nisingeweza kumkatiza mtu aliyeshika soda.

Kadi niliitoa siku hiyo hiyo. Nilishika kalamu. Nilijua kwamba nikifuta neno polistairini, Fundi ataliona, atauliza, na soda itageuka. Nikasema nitaandika Jumatatu. Jumatatu ilipofika nikasema hii ijayo, na gunia lilipoisha nikaagiza jingine.

Chuma hakikupiga kelele. Kila kishikio kilichopita kilikilamba kidogo. Vishikio vikaanza kunenepa taratibu, matundu ya skrubu yakaanza kuziba, na pale pande mbili za moldi zinapokutana plastiki ikaanza kuchungulia nje. Baada ya miezi michache Omondi akarudi.

"Vishikio vyenu vimeota ndevu," alisema, akanionyesha. Ukingoni kulikuwa na utando mkali wa plastiki kama wembe. "Wabebaji wananiuliza kama marehemu anatakiwa kunyolewa kabla ya ibada. Mmoja amekatwa kidole, sasa wote wanavaa glavu, watu wanadhani tunazika kipindupindu."

Safari hii Mzee Njuguna alikuwepo. Akaagiza moldi iletwe mezani kwake, na Fundi aitwe, na mimi niingie na kadi.

Nataka uijue saa ile vizuri, kwa kuwa nimejaribu kuisahau na imekataa. Moldi ilikuwa mezani imefunguliwa. Mahali plastiki inapoingilia palikuwa pamelika, pamekuwa kama mdomo wa mzee asiye na meno. Fundi alipitisha ukucha pale. Alikuwa hajaiona tangu aikabidhi.

"Kadi inasema inakula nini?" Mzee akaniuliza.

"Polistairini, Mzee."

"Polistairini inaweza kula chuma hivi, Barasa?"

"Haiwezi. Hata miaka kumi."

"Basi chuma kilikuwa takataka. Na kilitoka duka la nani?"

Fundi aliondoa ukucha kwenye chuma. Alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu kama alivyouliza siku zote, ila hakuwa amekaa juu ya faili zangu.

"Karani, kuna mtu amebadilisha chakula?"

Nikasema, "Kadi inasema polistairini."

Sikusema uongo. Nilisoma kadi. Nimelipima jibu hilo miaka minane na kila neno lake ni la kweli, na ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya. Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Basi Wafula ameniua." Mzee akasema wamekula njama, fundi na shemeji yake, kumuuzia chuma kibovu. Kufikia jioni Barasa alikuwa amekusanya tupa zake. Aliponiaga alinishika mkono, akaniambia mwandiko wangu ni mzuri, nisiuache.

Sasa unajua unakokwenda. Unakwenda kwa mtu huyo. Hajui wewe ni wangu, kwa sababu barua ya mwalimu ina jina lako na la babu yako tu. Akijua, huenda akakurudisha stendi na sanduku lako, na mwalimu alisema nafasi nyingine hakuna mwaka huu. Asipojua, utakula kwake, utajifunza kwake, na siku moja kati ya mazungumzo utasema baba yangu ni karani mjini, na atakuuliza kwa nani.

Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hapa. Nilikuwa nimetunga mpaka sentensi ya mwisho: kwamba wewe ni mtu mzima sasa, uisome ndani ya basi, na uamue mwenyewe kama utamwambia. Nimeiandika kwenye karatasi nyingine nikaisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri sana. Ni kadi nyingine, Wambui. Ninampa mtu mwingine aishike huku mimi nimesimama kando na rula.

Saa saba na nusu. Namba yake iko kwenye barua ya mwalimu. Nimesimama wima.

Nimerudi. Nitakuandikia alivyosema, kabla hofu haijayapanga upya maneno yake.

"Nani?"

"Ni karani. Wa Njuguna."

Nyuma yake tupa ilikuwa inakwaruza chuma. Ikanyamaza.

"Yule wa kadi?"

"Yule wa kadi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Fundi."

"Basi unataka nini?"

Nilishindwa kusema. Kwa hiyo nikamsomea. Nilimsomea barua hii, kuanzia pale ulipokuwa na miaka kumi. Alinikatiza mara moja tu, akasema hakusema moyo wa biskuti, alisema moyo wa ganda la yai, nirekebishe. Sijarekebisha, kwa kuwa nakumbuka biskuti. Nilipofika kwenye gunia la nailoni nikamsikia akivuta pumzi kwa meno. Nilipofika kwenye kadi hakuvuta kitu.

"Kioo," alisema mwishowe. "Ulilisha moldi yangu kioo, halafu ukapaka dhahabu juu."

"Ndiyo, Fundi."

"Miaka minane."

"Miaka minane."

"Unajua nimemfanya nini Wafula? Simsalimu. Mama mkwe amekufa, tumebeba jeneza moja, mimi kushoto yeye kulia, na sikumpa mkono. Na vishikio vilikuwa vya chuma, nilivikagua. Kila Krismasi mke wangu ananiambia, kaka yangu hakukuuzia chuma kibaya. Na mimi namwambia, mama, wewe unajua nini juu ya chuma?"

Nikamwambia kuna jingine. Nikamwambia msichana anayemtarajia kesho ni binti yangu. Nikasikia tupa ikikwaruza tena, mara mbili, tatu.

"Anaogopa kama wewe?"

"Hapana. Amemfuata mama yake."

"Nilichagua kazi yake, sikuchagua baba. Yeye atakuja vile tulisema. Lakini hata wewe nakutaka."

"Mimi?"

"Nitamwambia nini mke wangu? Kwamba karani amepiga simu? Atasema nimeshindwa, natafuta mtu wa kusingizia. Utakuja kesho na mtoto. Utakaa kwangu, utakula ugali wa huyu mama, halafu utamwambia kwa mdomo. Usinisomee kitu. Na kuanzia hapo tutampigia Wafula, wewe kwanza, mimi nyuma yako."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema hiyo si ya simu, na kwamba hajui, ataona nikila.

Halafu viatu vikasikika ngazini. Kalamu zilikuwa ovyo mezani na sikuzipanga. Mzee Njuguna alipoingia nikamwomba ruhusa ya siku mbili, na alipouliza ya nini, nikamwambia yote, nimesimama, pasipo karatasi. Alikaa chini polepole.

"Kwa hiyo Barasa hakuwa mwizi."

"Hakuwa, Mzee."

"Na ufunguo wa stoo nimekuwa nikikupa wewe."

"Ndiyo, Mzee."

Alitazama dirishani, pale pale alipoinulia zile plastiki. Akasema niende, na kwamba nikirudi Jumatatu ataniambia kama nina meza. Kisha akaniita nikiwa mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Barasa bado anachukua kazi za watu wa nje. Nikasema sijui. Akasema nisimuulize kesho, nimuulize mwisho kabisa, baada ya chakula.

Kwa hiyo leo nitamwomba mama yako aongeze shati langu kwenye sanduku lako, na nitamwambia kwa nini kabla ya chakula cha jioni, iwapo sitaogopa, na nikiogopa nitamwambia hivyo hivyo. Nimepita kwenye ofisi ya basi. Tumepata viti viwili vya pamoja, namba tisa na kumi. Ilikuwa barua ya kuagana, na sasa hatuagani. Lakini nitakupa kesho tukishapita Kangemi, kwa sababu yaliyomo humu bado sijui kuyasema kwa mtoto wangu akinitazama. Uisome yote, ukae upande wa dirisha, na usinigeukie mpaka uimalize.

Baba yako